TAHADHARI: Waya wa "shaba tupu 2.5 mm²" ambao ndani ni alumini

Mafundi wenzangu, na nyote mnaojenga: kuna nyaya zinauzwa mtandaoni kwa jina la "shaba tupu, 2.5 mm², mita 100" ambazo si shaba na wala si 2.5 (milimita za mraba, yaani eneo la uso wa waya ukiukata). Mteja wangu aliletewa koili kadhaa, akaniita nizipitishe ukutani. Nilizipima kwanza, nikakataa kuzifunga. Naandika kwa sababu muuzaji bado anauza, na majibu yake kayaandaa vizuri kiasi cha kumbabaisha hata fundi mzoefu.

Kwa macho hutashtuka. Ganda limechapwa vipimo vyote na ncha inang'aa rangi ya shaba. Kilichonishtua ni uzito. Shaba peke yake katika mita 100 za 2.5 mm² ni takriban kilo 2.2, hapo hujaweka ganda, na koili hii ilikuwa nyepesi mno mkononi. Nikavua ganda kidogo, nikakwangua kwa kisu: juu utando mwembamba wa shaba, chini yake weupe wa alumini. Kipenyo nacho kilikuwa kama milimita 1.5, wakati waya wa 2.5 mm² wa uzi mmoja hukaribia 1.8. Wamepunja kwenye madini, wakapunja tena kwenye unene.

Tulipomlalamikia, muuzaji alituma video mbili. Ya kwanza anaweka sumaku kwenye waya, hainasi, anasema "mnaona, ni shaba". Sumaku hainasi shaba, na alumini pia hainasi, kwa hiyo hapo hajathibitisha chochote. Ya pili ndiyo hatari zaidi. Ameunganisha koili nzima kwenye umeme, ameweka multimita (kifaa cha kupimia umeme) upande wa pili, inasoma volti 230 kamili. Anauliza: umeme umepotea wapi?

Haujapotea popote kwa sababu hakuna kinachotumia. Volti zinazopotea njiani ni mkondo (kiasi cha umeme unaopita, kwa ampea) mara ukinzani (jinsi waya unavyouzuia umeme, kwa omu), sheria aliyoichapisha Georg Ohm mwaka 1827. Multimita ikiwa kwenye volti inapitisha mkondo mdogo mno, karibu sifuri. Ukizidisha sifuri kwa ukinzani wowote, hata wa waya mbovu kuliko wote, jibu ni sifuri. Ukiona muuzaji anapima volti bila mzigo, jua hajaupima waya hata kidogo.

Usikimbilie pia kipimo cha omu cha multimita ya kawaida. Koili nzuri ya mita 100 ina ukinzani mdogo sana, na nyaya za multimita zenyewe huongeza omu 0.2 au 0.3. Atakwambia mita yako mbovu na utakosa la kujibu.

Pima hivi. Chukua betri ya gari ya volti 12 na balbu ya taa kubwa ya gari. Umeme wa nyumba usiuguse kwa kazi hii. Unga betri, koili na balbu kwa mfuatano, pamoja na multimita iliyowekwa kwenye ampea 10. Taa ikiwaka, soma mkondo. Kisha kwa mita nyingine soma volti kati ya ncha mbili za koili, ukigusa waya wenyewe na si vibanio. Gawanya volti kwa ampea, umepata omu, na ukinzani wa nyaya za mita hauingii tena kwenye hesabu.

Mimi nilisoma ampea 3.4 na volti 5.4. Jibu ni karibu omu 1.6. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinataka shaba ya 2.5 mm² isizidi omu 7.41 kwa kilomita kwenye nyuzijoto 20, yaani 0.74 kwa mita 100. Tumtendee haki muuzaji: joto huongeza ukinzani, na kwenye nyuzi 30 shaba halali inaweza kufika 0.77. Lakini 1.6 ni zaidi ya maradufu, na hakuna hali ya hewa inayoweza kuielezea.

Sasa weka waya huo kwenye hita ya maji ya wati 3000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 13. Kutoka kwenye sakiti breka (swichi inayokata umeme mkondo ukizidi) hadi kwenye hita tuseme ni mita 20, kwenda na kurudi 40. Waya halali una omu 0.3, huu una 0.64. Wati zinazogeuka joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani: kwenye waya halali ni kama 50, kwenye huu 108. Zote zinaishia ndani ya ukuta wako, na unazilipia.

Kinachonitia hofu zaidi ni maungio. Alumini hujivika kutu nyembamba isiyopitisha umeme, na ikibanwa na skrubu hulegea taratibu kila inapopata moto na kupoa. Ungio likifika omu 0.2 tu, kwa ampea 13 linatoa wati 34 mahali padogo kama ncha ya kidole. Hilo ni joto la chuma cha kulehemia redio, limefichwa nyuma ya soketi ya plastiki. Na breka ya ampea 20 haitakata, kwa sababu inayaona yale yale 13 ambayo ni halali kwake.

Kama nyaya hizi zimeshafungwa kwenu, zimeni vifaa vizito kwanza, mumwite fundi afungue soketi na kukwangua ncha. Kama bado ziko kwenye koili, msirudishe zote kabla ya kukata kipande na kukihifadhi pamoja na picha za vipimo. Muuzaji huyu amekwisha kubadilisha jina la duka lake, ila picha za bidhaa ni zile zile.