Mota ya mtetemo kwenye hopa: ya umeme au ya hewa?

Iwe ni kukoboa mpunga Mbarali au kusaga mahindi Makambako, swali ni lilelile: pumba au unga ukigoma kushuka kwenye hopa (chombo cha faneli kinachoupokea na kuushusha), ufunge mota gani ya kuitikisa?

Kwa gharama ya kila siku, ya umeme inashinda wazi, maana hewa ya kompresa ni ghali kuizalisha. Lakini umeme wa njia tatu ukipoteza njia moja na kinga hakuna (kifaa cha kuizima mota njia ikikatika), koili inaungua upesi. Ya hewa haina koili. Adui yake ni maji. Wakati wa masika toa maji kwenye tangi la kompresa kila siku.

Ya umeme inataka jicho. Zima umeme, fungua vifuniko vya pembeni, hakikisha vyuma vya uzito vinavyoleta mtetemo vimewekwa pembe sawa pande zote mbili, la sivyo beringi zitaliwa. Boliti zinazoshika mota zikazwe tena baada ya saa chache za mwanzo.

Na yoyote ile, usiiwashe mlango wa hopa ukiwa umefungwa: unga utashindiliwa tu.

Una kompresa tayari na hopa moja ndogo? Chukua ya hewa. Unakoboa kutwa nzima? Umeme, ila nunua kinga kwanza.