Holmes ndani ya lori, Malaba hadi Kampala

Naendesha lori kati ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na Kampala, mwaka wa tisa huu. Redio nilishaichoka: ukitoka Tororo inakwaruza, ukifika Iganga ni matangazo ya dawa matupu. Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes za kusikiliza, na tangu hapo kebini kwangu hakusikiki kingine.

Zinatoka LibriVox, maktaba ya sauti iliyoanza mwaka 2005. Watu wa kujitolea wanasoma vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, nawe unavishusha bure, bila hata kujisajili. Mimi nashusha nikiwa nyumbani kwa mpwa wangu mwenye waifai, kwa hiyo njiani sili bando hata kidogo. Kabla ya hapo nilijaribu programu moja ya kulipia, jina nalihifadhi. Siku 30 za bure, ya 31 ikachota dola kwenye kadi bila hodi. Nikaifuta.

Wasomaji wakiwa wa kujitolea, sauti ni bahati yako. Kuna vitabu ambavyo kila sura ina msomaji wake, Holmes akabadilika lafudhi kabla hujamaliza kilima. Tafuta kilichosomwa na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, tena punguza kasi kidogo, maana Kiingereza chenyewe ni cha enzi za magari ya farasi. Na chukua hadithi fupi. Nikiianza Iganga, inaishia karibu na daraja la Jinja. Riwaya ndefu zilinishinda: ukishasimamishwa na trafiki mara mbili humkumbuki tena nani ni mjomba wa nani.

Utingo wangu Kiingereza chake ni cha kuombea maji, basi kila baada ya dakika chache nasimamisha nikamtafsiria. Tunawekeana dau la kubahatisha mhalifu ni nani, anayekosea ananunua rolex, ile chapati ya kukunjiwa mayai. Siku moja tulikuwa na Silver Blaze, ya mwaka 1892: farasi wa mashindano katoweka zizini usiku, na mtu aliyekuwa akimfundisha kakutwa amekufa nyikani. Nikatafsiri kwa makini mchuzi wa kondoo wa bizari uliotiwa kasumba ili kijana wa zamu alale. Hapo nilikaa sana, njaa ilikuwa inaniuma. Mbwa wa zizini nikamruka. Mbwa ana nini? Kumbe mbele huko Holmes anamwonyesha mpelelezi wa polisi jambo la ajabu kuhusu mbwa yule: usiku ule hakufanya lolote. Hakubweka, maana aliyeingia anamjua.

Utingo akanigeukia. "Mzee, kulikuwa na mbwa?"

"Alikuwepo."

"Hukunitajia mbwa."

"Niliona hana maana."

"Mzee! Kwetu Namutumba kuku waliibwa mara mbili na mbwa kanyamaza kimya. Mama hakuuliza, alikwenda moja kwa moja kwa shemeji. Ungenipa mbwa wangu mapema ningekumaliza."

Rolex hakununua, na mimi sikuwa na la kujibu. (Aliyeingia sijamtaja, kwa hiyo hadithi sijakuharibia.)

Jingine: ile ya The Speckled Band usiisikilize ukiwa umelala kebini kwenye foleni ya Malaba. Humo mna mluzi mwembamba unaosikika usiku wa manane, na baada yake mtu anakufa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimezima simu, saa nane za usiku, mlinzi wa yadi akapiga mluzi kumwita mwenzake. Nilipandisha vioo vyote na lile joto, nikalala nimeshika spana.

Ninachokikosa ni Kiswahili. Mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), nilimsoma kwenye kitabu cha kuazima kwa dereva wa Mombasa, kurasa za mwisho zimechanika. Kwa sauti nimemtafuta sijampata. Angekuwepo, utingo angesikia kila kitu mwenyewe, nami ningeacha kuitwa mficha mbwa.

Kwa safari ijayo nimevunja mwiko wangu wa riwaya, nimeshusha The Hound of the Baskervilles, ya mwaka 1902, sura 15. Nilipomwambia utingo kwamba inahusu mbwa, aliuliza swali moja tu: "Na huyu habweki?"