TAHADHARI: Ndoo ya rangi lita 20 kutoka Kariakoo, jina la kiwanda nje, chaki na maji ndani

Wakuu, habari za majukumu. Naandika nikiwa na vumbi la rangi hadi kwenye kope, maana tangu asubuhi nakwangua ukuta wa sebule niliopaka kwa mikono yangu wiki ya Nanenane. Jina la duka sitalitaja, malalamiko yameshafika yanakohusika. Ila namna mchezo ulivyochezwa naieleza yote, kwa sababu mwisho wa mwaka ndio nyumba nyingi zinapakwa rangi na wengi tunaishia Kariakoo kutafuta nafuu.

Mimi si fundi. Tulihamia Kivule mwaka jana kuta zikiwa plasta tupu, na fundi rangi aliyekuja kupima alitaka 450,000 za ufundi peke yake, vifaa juu yangu. Nikamwambia asante, nitajaribu mwenyewe. Nikapiga puti, ile ya kusawazisha ukuta, mikono miwili, yaani tabaka mbili, nikasugua kwa msasa namba 120 halafu 220, nikapiga praima, rangi ya msingi. Kazi ya jioni, wiki mbili nzima. Shemeji yangu alipokuja alipitisha kiganja ukutani akauliza nimempata wapi fundi huyo. Nilijisikia vizuri, sikatai.

Ikabaki rangi yenyewe. Nilitaka ile ya maji yenye mng'ao kidogo, wanayoiita silki, kwa sababu nina watoto wawili na ukuta wetu ni daftari lao. Lazima iwe inafutika. Maduka matatu niliyozunguka yalikuwa yananitajia kati ya 180,000 na 190,000 kwa ndoo ya lita 20. La nne, kijana mmoja mchangamfu kweli, akanipa 140,000. Nikachukua mbili, 280,000.

Sasa hapa ndipo pa kusikiliza vizuri. Sikununua kijinga. Nilimwambia, "Kaka, nifungulie nione." Akafungua ndoo iliyokuwa kaunta, akakoroga, akanipakia kwenye kipande cha ubao wa jipsamu. Rangi nzito, laini, imekaa vizuri. Nikaridhika, nikalipa kwa lipa namba. Baada ya kulipa ndio akasema, "Dada yangu, hii ni ya sampuli, zako nakutolea stoo." Kijana wa mkokoteni akaenda, robo saa baadaye akarudi na ndoo mbili zimefungwa, mifuniko mizima, nembo inang'aa. Nani angezifungua tena? Mwenye kirikuu alishaanza kupiga honi.

Stakabadhi nilipewa ya kuandikwa kwa mkono, chini imepigwa muhuri "mali ikishauzwa hairudishwi". Nilipouliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa mashine ina shida ya mtandao, nitatumiwa picha WhatsApp. Bado naisubiri.

Siku ya kupaka, dalili zote zilikuwepo nikazipuuza. Kwenye ndoo imeandikwa uongeze maji kidogo kabla ya kutumia. Nilikuwa na kopo la maji mkononi, nikafungua, nikakuta inamwagika kama uji wa mtoto mchanga. Harufu nayo ilikuwa ya uji, tena uliochacha. Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini: rangi za maji huwekwa dawa ya kuzuia bakteria kiwandani, sasa mtu akiongeza maji ya bomba ovyo dawa ile inazidiwa, rangi inaanza kuoza humo humo. Mimi nilijisemea labda silki ndivyo ilivyo.

Mkono wa kwanza, ukuta ukaonekana kama umepanguswa na kitambaa kichafu. Wa pili, praima bado inachungulia. Cha ajabu, ikikauka inazidi kupauka na kuziba, kwa hiyo nikapata moyo nikapiga wa tatu. Ndoo nzima ikaishia sebuleni. Hesabu ningeifanya mapema ningeshtuka: sebule yangu ni mita 4 kwa 5, ukuta mita 2.8 kwenda juu, ukitoa madirisha na mlango inabaki kama mita za mraba 43. Ndoo inasema lita moja inafunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Mikono miwili haikupaswa kuzidi lita 9.

Ilipokauka ilipendeza, nisiwe mnafiki. Nikapiga picha nikaweka status. Wiki tatu zikapita. Ijumaa moja mdogo akachora basi ukutani kwa kalamu ya nta. Nikachukua kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, nikafuta. Basi likatoka, na rangi ikatoka nalo. Pale nilipolowesha pakageuka kijivu nikaona puti yangu mwenyewe kama ninaitazama kupitia kioo, na kitambaa kikawa kimejaa maziwa. Nikapitisha kiganja sehemu kavu: unga mweupe, kama umefuta ubao wa darasani.

Nikampigia muuzaji. Mwanzo alikuwa mpole. "Dada, nyumba mpya hizo, plasta haijakauka, ukuta unatoa chumvi." Nikamwambia plasta ina zaidi ya mwaka. Akahamia kwenye fangasi. Nikamwambia tangu nipake haijanyesha hata tone. Akahamia kwangu mimi: sikupiga praima, nilizidisha maji, mwanamke kapaka mwenyewe unategemea nini. Hilo la mwisho ndilo lililoniamsha, kwa kweli. Kama angenirudishia hata nusu ningenyamaza, ninavyojijua.

Ndoo ya pili nilikuwa sijaigusa. Nikamwita jirani ashuhudie, nikawasha video, nikaifungua. Uji ule ule. Nikachukua vipande vitatu: bati, ubao wa jipsamu mpya na kifuniko cha plastiki cha kontena la jikoni. Nikapaka vyote, nikaviweka ndani juu ya kabati ambako hakuna plasta, hakuna chumvi, hakuna fangasi wala mwanamke asiyejua kupaka. Nikaviacha wiki tatu kama ukuta, ili mtu asije kusema nimesugua mapema, maana hata silki halali inahitaji wiki kadhaa kukomaa kabla ya kuoshwa. Pembeni nikapaka rangi kidogo ya aina ile ile niliyoazima kwa jirani, aliyoinunua kwa wakala. Baada ya muda, ya jirani nimeisugua kwa kitambaa chenye maji mara hamsini, ipo pale pale. Yangu mara ya tano imeisha.

Fundi mzee mmoja wa mtaani kwetu alicheka nilipomwonyesha. Akanieleza kwamba rangi ina gundi inayoshika, ina unga mweupe wa gharama unaoziba, halafu ina chaki ya kujaza. Mjanja anapunguza vile viwili vya kwanza na kuongeza cha tatu. Chaki ikiwa na maji haizibi kitu, ikikauka inaonekana nyeupe, ukiilowesha inarudi kuwa wazi. Ndiyo maana ukuta wangu ulipendeza ukiwa mkavu tu. Akaongeza kwamba rangi za bei ya chini zenye chaki nyingi zipo kihalali, zinapakwa dari na stoo, na kila mtu anajua hazioshwi. Sina ugomvi nazo. Mimi niliuziwa hiyo kwa jina na bei ya nyingine.

Nikapiga namba ya huduma kwa wateja iliyo kwenye ndoo. Dada aliyepokea akaomba namba za bechi, yaani za toleo la kiwandani, za ndoo zote mbili. Akanirudia kesho yake: moja ilitoka kiwandani ikiwa rangi ya nje, nyeupe, na mimi ndani nilikuwa na krimu. Ya pili tarehe yake ni miaka mitatu nyuma. Kwa hiyo ndoo ni halali, nembo ni halali, mfuniko ni halali. Kilichokuwa ndani ndicho kimezaliwa kwenye stoo ya mtu.

Na ndoo wanazipata wapi? Kwetu sisi. Mume wangu ndiye alikumbuka: kila baada ya muda kuna kijana hupita mtaani na baiskeli ananunua ndoo tupu za rangi, na zenye mfuniko mzima anaongeza dau. Tulikuwa tunadhani ni za kuuzia akina mama wa maji. Nyingi labda ni hivyo kweli, ndoo ya rangi ndiyo ndoo ya maji ya Mtanzania, sitaki kumwonea kijana wa watu. Ila tangu siku ile ndoo ya rangi haitoki kwangu ikiwa nzima. Ya maji naikata nembo kwa kisu cha moto na mfuniko nauvunja mkanda. Mafundi nao wapewe sharti hilo hilo, maana wengi huondoka na ndoo tupu kama sehemu ya malipo yao.

Kitu cha mfuniko mniangalizie vizuri. Ndoo mpya ina mkanda mwembamba wa plastiki pembeni ya mfuniko, lazima ukatike ndipo ifunguke. Zangu mkanda ulikuwepo, lakini nilipoutazama kwa tochi kuna sehemu umegundishwa kwa joto, plastiki imekunjamana kidogo. Dukani, kwenye kelele za Kariakoo, huioni. Basi usitegemee macho. Fungua ile ile unayoondoka nayo, kabla hujalipa, na kama muuzaji anasema ikifunguliwa itakauka, mwambie wewe ndiye utakayebeba hasara hiyo. Koroga hadi chini. Paka kwenye kipande cha plastiki cheusi: iliyo nzuri inaziba kwa kiasi kikubwa ikiwa bado mbichi, ya chaki inaacha weusi unaonekana hadi ikauke. Hilo halihitaji kusubiri. Ukiwa na muda wa kwenda kunywa chai ukarudi, lowesha kidole, gusa palipokauka, uone kama panarudi kuwa wazi.

Soma namba ya bechi na tarehe. Ndoo mbili ulizonunua pamoja, aina moja, rangi moja, zikipishana miaka mitatu, ziache.

Risiti ya EFD usiondoke bila hiyo, na hapa najilaumu mwenyewe. Ina msimbo unaousoma kwa simu na kuona kama ni ya kweli. Nilipokwenda kulalamika, swali la kwanza lilikuwa hilo. Nilichokuwa nacho ni karatasi ya mkono na muamala wa simu, na jina lililotokea kwenye lipa namba halifanani na jina la duka. Hilo pia nililiona siku ile nikabonyeza namba ya siri hivyo hivyo. Jina likipishana, acha kulipa, uliza.

Kwa wasiojua pa kuanzia: bidhaa bandia, yaani iliyovaa jina la mwingine, ni ya Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Bidhaa hafifu isiyofikia kiwango ni ya Shirika la Viwango, TBS. Yangu ina sura zote mbili, FCC walinipokea. Nilipeleka video, namba za bechi, vile vipande vitatu na kopo la sampuli. Wenye kiwanda nao wanahusika, jina lao ndilo linaloharibiwa, kwa hiyo msiogope kuwapigia. Muuzaji alipojua nimefika huko akanipigia usiku kunipa ndoo moja "ya kunifuta machozi". Nilipomwambia ataifungua mbele yangu akakata, na tangu hapo amenibloku.

Kukwangua nako mniulize. Usipake rangi nzuri juu ya chaki, itabanduka pamoja nayo kama ngozi ya nyoka. Nalowesha kwa sponji, nakwangua kwa bapa, nafuta kwa maji mara mbili hadi kiganja kitoke kisafi, halafu praima upya. Sisugui ikiwa kavu, na watoto nimewapeleka kwa bibi yao. Kitu kilichochanganywa stoo huwezi kujua kina nini ndani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni, na mwenye stoo hana hata mizani.

Kama ulinunua Kariakoo kati ya mwezi wa saba na wa tisa ukatolewa "ya stoo" baada ya kuonyeshwa ya kaunta, tafuta kitambaa chenye maji, jaribu nyuma ya kochi ambako hapaonekani. Ikitoka maziwa, tunza mfuniko na ndoo, usiioshe, upeleke malalamiko yako mwenyewe, maana yangu peke yake ni madogo. Sebule imebaki ukuta mmoja na nusu. Ngoja nirudi kwenye ngazi.