Fidla ya kwanza kwa anayeishi Lamu au Malindi

Pwani, fidla huuawa na unyevu na chumvi. Mbao zake hushikwa kwa gundi ya ngozi, ambayo hulainika kwa joto na unyevu, kwa hiyo hapa fidla za aina nne tumezipanga kwa uvumilivu, si kwa mng'aro.

Kwanza pima mkono: kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja, mkono ukiwa umenyooka. Ukifika sentimita 58, chukua ya ukubwa kamili. Ukipungukiwa, shuka saizi.

Namba moja ni seti mpya ya mwanafunzi, ubao wa juu wa sprusi (mbao nyepesi ya msonobari) halisi, si plaiwudi, na ubao wa vidole, ule unaobonyezea nyuzi, wa mpingo. Fidla ya chapa ya Stentor, modeli Student II, iko kundi hili. Ikija na daraja (kijibao kinachoinua nyuzi) limelazwa, lisimamishe katikati ya vikato vidogo vya matundu mawili yenye umbo la f, upande unaotazama mkiani, nyuzi zinakofungwa chini, ukiwa wima. Kila ukikaza nyuzi linavutwa mbele, kuelekea ubao wa vidole. Lirudishe, la sivyo litapinda. Sasa pima mwishoni mwa ubao wa vidole: uzi mwembamba uinuke milimita 3 hadi 3.5, ule mnene 5 hadi 5.5. Ukizidi hapo vidole vitauma na sauti itapanda kila unapobonyeza.

Ya pili ni mtumba. Gonga kingo zote kwa kifundo cha kidole. Pakitatarika, gundi imeachia. Hilo hurekebishika, ila usikubali gundi ya supa. Ufa chini ya daraja, iache hapohapo.

Ya tatu ni ya umeme. Unyevu hauisumbui sana, na kwa spika za masikioni majirani wa mitaa ya Lamu, kuta zikigusana, watalala. Lakini mkono wa upinde hujifunza polepole.

Mwisho kabisa ni zile za buluu na nyekundu za bei ya kutupa. Sugua ubao wa vidole kwa kitambaa cheupe kibichi: kikitoka cheusi, ni rangi tu. Vigingi vyake vya kukazia nyuzi huteleza kiangazi na kukwama masika.

(Wa taarabu na wa klasiki hununua chombo kilekile.)

Bakiza pesa ya uzi wa E (ule mwembamba) wa akiba, maana chuma hushika kutu upesi. Ulimbo mpya, ule utomvu mkavu wa kupaka nywele za upinde, ukwaruze kwa msasa, vinginevyo upinde hautatoa sauti. Ukivuka kwa boti kutoka Mokowe kwenda Lamu, funga kasha ndani ya nailoni.