Pikipiki ya safari: kabla ya injini, uliza kama ringi zina tyubu

Malalamiko ninayopokea kuhusu pikipiki za safari za daraja la kati hayahusu injini kabisa. Ni pancha. Mtu kanunua chombo cha kukatiza porini, msumari umemkamata, ndipo anagundua kwamba ndani ya tairi mna tyubu. Hapo ni kushusha mizigo, kufungua ekseli, kung'oa gurudumu zima, kulichokonoa tairi kwa vyuma na kuomba Mungu usiitoboe tyubu mpya wakati wa kurudishia. Dabo stendi nayo mara nyingi huuzwa kando, basi tafuta jiwe la kuinulia. Ingekuwa tyublesi, ungechomoa msumari, ukasokomeza kamba ya mpira kwenye tundu, ukajaza upepo na kuondoka, gurudumu likiwa palepale.

Nguvu na skrini sizigusi. Vipeperushi vimeshazisifu vya kutosha.

Ya kwanza kwangu ni Aprilia Tuareg 660, na upendeleo wangu siufichi. Ina ringi za spoki, inchi 21 mbele na 18 nyuma, lakini ni tyublesi tangu kiwandani. Tangi lita 18. Yamaha Ténéré 700 ingeipiku kwa ile injini yake ya cc 689, ila ina tyubu mbele na nyuma, na tangi la lita 16 tu. Ya pili. Honda XL750 Transalp, ya tatu: kiti chake cha milimita 850 kinawafaa wafupi kuliko cha Ténéré, 875, lakini tyubu ni zilezile. Suzuki V-Strom 800DE ina tangi tamu la lita 20, ila nayo ina tyubu. Sasa jaribu kuing'oa gurudumu la nyuma peke yako, kilo 230 zikikuelemea.

Mfuko mwembamba? Honda NX500. Ringi za spoti, yaani za kumimina zisizo na spoki, tyublesi.

Wauzaji ndio wanaonichosha. Nilipomuuliza mmoja kuhusu tyubu, aliinama akanionyesha neno TUBELESS ubavuni mwa tairi. Tairi, ndiyo! Ringi yenyewe imetobolewa matundu ya spoki, upepo ungevujia humo, ndiyo maana kiwanda kimetia tyubu. Na uzito wanakutajia "mkavu": hata Aprilia yangu hutangazwa kilo 187, ukitia mafuta, oili na maji inafika 204. Ukishalipa ndipo wanakukumbusha kwamba ringi za tyublesi zipo, ila zina bei yake.