AirPods Pro: sauti safi, ila upande mmoja hukatika

Sauti haina ubishi. Kinachosumbua kwenye AirPods Pro (vipokea sauti vya masikioni vya Apple visivyo na waya) za toleo la kwanza na la pili ni sauti ya upande mmoja kupotea, hasa zikishazeeka kidogo.

Anza na uchafu. Jasho na nta ya sikio huganda kwenye pini za chuma zilizo ndani ya kesi ya kuchajia, chini kwenye matundu yake, kipande cha sikioni hakichaji, kisha watu wanailaumu Bluetooth. Futa kwa pamba ya masikio iliyo kavu, usitie maji. Ikigoma, ziondoe AirPods kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, zirudishe kwenye kesi, funga sekunde 30, fungua, kisha bonyeza kitufe cha nyuma ya kesi kama sekunde 15 mpaka taa iwake rangi ya chungwa halafu nyeupe.

Waranti ni mwaka mmoja. Apple haifungui kipande kukikarabati, inakubadilishia. Kilichopotea unanunua. Huku kwetu hakuna duka lao wenyewe, kwa hiyo nenda kwa wakala aliyeidhinishwa ukiwa na risiti na kesi. Namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) iko ndani ya kifuniko cha kesi. Ukinunua AirPods, ihakiki kwenye tovuti ya Apple kabla ya kulipa, ingawa feki nyingi hunakili namba halali.

Kipande kipya kikikataa kuungana na cha zamani, mara nyingi matoleo ya programu zao za ndani yamepishana: viweke vyote kwenye kesi, chomeka chaja, viache karibu na iPhone, kisha rudia kubonyeza kitufe cha nyuma ya kesi.