Kurasa za MAFF: zihamie TiddlyWiki au Zim?

Firefox 57 ilipotoka Novemba 2017, programu-jalizi ya MAFF (muundo wa kuhifadhi ukurasa wa wavuti pamoja na picha zake katika faili moja) ilikoma kufanya kazi humo, na wengi tukabaki na kurasa tulizozihifadhi lakini hazifunguki. Nafuu ni kwamba faili la MAFF kwa ndani ni zip. Badilisha kiishio cha jina kiwe .zip, lifungue, na kwa kawaida utakuta index.html pamoja na picha zake.

TiddlyWiki, aliyoianzisha Jeremy Ruston mwaka 2004, ni daftari la kidijitali lililo faili moja la HTML. Unalibeba kwenye flashi na kulisoma kwa kivinjari chochote, hata kwenye kompyuta ya kuazima. Kwa maandishi matupu naipenda sana. Tatizo ni picha: ukizipachika ndani hugeuzwa kuwa base64 (picha iliyoandikwa kwa herufi na tarakimu), zikaongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja, na daftari zima huwa zito kufunguka na kuhifadhi.

Zim, programu ya daftari ya kompyuta, lazima uisakinishe. Lakini kila ukurasa ni faili lake la maandishi, na picha hukaa kwenye folda pembeni. Pandoc, programu ya kubadilisha miundo ya hati, huigeuza HTML kuwa muundo wa Zim. Majedwali yakague kwa mkono. Kwa hazina ya miaka mingi, mimi nachagua Zim, na mafaili ya MAFF yenyewe siyafuti.